Ago Kando ya Ziwa Chala

Mtu akisema mjini Moshi kwamba anakwenda kupiga hema kando ya ziwa, wapo watakaomcheka. Watamwuliza kama nyumba yake imeungua, au kama amekwisha kuwa Mzungu. Katika fikira za wengi wetu hema ni mali ya mtalii, na kulala nje kwa hiari ni anasa ya watu wenye vitanda vingi hata wakachoka navyo. Mchagga ana kihamba chake. Nyumba yake imo katikati ya migomba na kahawa, na jioni ng'ombe wakiwa zizini kila mtu hurudi kwake. Alalaye nje ni mwenye shida.

Makala hii yakusudia kuichunguza fikira hiyo kwa kutazama mahali pamoja, napo ni Ziwa Chala, lililo chini ya mlima Kilimanjaro upande wa mashariki, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Hoja yangu ni kwamba kambi si jambo geni katika nchi hii. Watu wetu walikuwa na ago, yaani mahali pa kupigia kambi, na walikuwa na adabu ya ago, kabla ya mtalii wa kwanza kuja kustaajabia theluji. Kilicho kigeni ni kitu kingine, nacho tutakitaja mahali pake.

Atokaye Moshi huishika barabara ya Himo mpaka karibu na Holili, kisha huiacha barabara kuu na kuelekea kaskazini. Migomba hubaki juu mlimani. Huku chini ni nchi kavu, nchi ya migunga na majani marefu. Ziwa lenyewe halionekani mpaka mtu afikapo ukingoni kabisa. Hapo ardhi hukatika ghafla, na chini ya kuta za mawe zenye kimo cha kiasi cha mita 100 maji yamelala, mara rangi ya samawati, mara kijani, kwa kadiri jua linavyopanda na kushuka. Hilo ni shimo la volkeno ya kale lililojaa maji. Eneo lake ni kiasi cha kilometa za mraba 4, na kina chake ni zaidi ya mita 90. Hakuna mto uingiao wala mto utokao. Sehemu kubwa ya maji yake ni mvua iliyonyesha mlimani, ikazama ardhini na kusafiri gizani mpaka hapo. Na maji hutoka kwa njia hiyohiyo ya chini kwa chini.

Ziwa la namna hiyo haliwezi kukosa hadithi. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika waliyoyasikia kwa Wataveta: kwamba hapo palikuwa na mji mkubwa wa Wamasai, ukalipuka na kutoweka, na tangu hapo mtu akitega sikio huweza kusikia kutoka majini milio ya ng'ombe na sauti za watu. Msomaji wa leo asiidharau hadithi hiyo. Wazee hawakuwa na vitabu vya elimu ya miamba, lakini walijua kwamba shimo lile lilifunguka kwa kishindo. Tena walilifundisha jambo la pili, kwamba chini ya maji mazuri huenda wako watu. Aliyelelewa na hadithi hiyo hafiki ukingoni kwa makelele.

Mwendo wa saa chache kwa miguu kusini mwa Chala ndipo ulipo msitu wa Taveta, kando ya Mto Lumi. Mahali hapo palikuwa moja ya mago makubwa ya Afrika Mashariki. Misafara iliyotoka Mombasa na Pangani ilivuka nyika kavu kwa siku nyingi, na ilipofika Taveta ilipata kivuli, maji, ndizi na usalama. Wataveta walikaa ndani ya msitu wao uliowakinga na maadui, wakawauzia wasafiri chakula. Wafanyabiashara wa pwani walijenga vibanda vyao, wakakaa majuma na hata miezi wakingoja afya za wapagazi zirudi na bidhaa zitengenezwe. Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 akielekea Umasaini, ilimbidi kukaa Taveta ili ushanga wake utungwe upya kwa kipimo walichokipenda Wamasai. Mikono iliyoutunga ilikuwa ya wapagazi.

Tuitazame basi kambi ya msafara, maana ndiyo shule ya jambo hili. Jua lilipoteremka, kiongozi alitafuta mahali penye maji na kuni. Mizigo ilikusanywa pamoja, miba ikakatwa na kuzungushiwa kambi kuwa boma. Kila kundi la wapagazi lilikuwa na mafiga yake na chungu chake. Mnyapara alihesabu watu, posho ikapimwa kwa kibaba, na baada ya kula zikaanza hadithi, mizaha na ngoma. Humo ndimo Mnyamwezi, Mswahili wa Mrima na Mzigua walimojifunza kukaa pamoja. Kiswahili hakikuenea bara kwa vitabu tu. Kilienea pia kwa mazungumzo ya usiku kandokando ya mioto ya kambi. Mtu anayesema kwamba kambi si ya utamaduni wetu anaisahau moja ya shule zilizoikuza lugha anayosemea.

Mgeni aliyekuja Chala kwa kustaajabu, asiwe na biashara wala vita, alikuja mnamo 1871. Huyo ni Charles New, mmisionari Mwingereza, ambaye katika safari hiyo alipanda Kilimanjaro mpaka akaifikia theluji. Miaka 20 baadaye, mwaka 1891, alikuja mwanamke Mmarekani, May French Sheldon, pamoja na wapagazi zaidi ya mia moja aliowachukua pwani. Aliteremka mpaka majini, akapanda chombo kidogo na kulizunguka ziwa, kisha akaandika kitabu. Dunia ikamsifu, na kwa haki, maana safari ile haikuwa nyepesi. Lakini yafaa kuuliza chombo kile kilifikaje majini, kwenye genge lile ambalo hata mbuzi hushuka kwa kufikiri. Mabega yaliyobeba hayakuandikwa majina. Ndipo kilipoanzia kile kitu kigeni nilichokitaja: mtu mmoja kupumzika, na watu mia kuifanya kazi ya pumziko lake.

Katikati ya safari hizo mbili, wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha ligawa ziwa pasipo kuliona. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalichora mpaka kutoka mdomo wa Mto Umba hadi Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na Uchagga, ukazunguka mlima upande wa kaskazini. Mstari huo ukalikata Ziwa Chala. Samaki na mamba hawakupewa habari. Lakini watu wa pande mbili, ambao siku zote walikuwa wakiuziana ndizi, mbuzi na chumvi, waliamka wakiwa raia wa wafalme wawili.

Mwaka 1914 wafalme hao walipopigana, mahema yalikuja Chala kwa namna nyingine. Wajerumani waliiteka Taveta mwezi Agosti mwaka huo. Mwezi Machi 1916 Jenerali Smuts alianza mashambulio yake, na tarehe 8 majeshi ya van Deventer yakayashika magenge ya Chala ili kuwazunguka Wajerumani waliojichimbia mbele ya Taveta. Kabla mwezi haujafika nusu nyingine, Moshi ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Katika vita vile Waafrika makumi ya maelfu walikufa katika kazi ya kubeba mizigo, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kambi yao mjini Dar es Salaam iliacha jina la Kariakoo, na leo watu huingia sokoni hapo kununua nyanya bila kukumbuka kwamba wanalitamka jina la jeshi la wapagazi. Kwa watu wa kizazi kile neno kambi halikuwa na harufu ya pumziko. Lilikuwa na harufu ya kwinini na kaburi. Huenda hii ni sababu moja iliyowafanya babu zetu wasione raha katika hema.

Baada ya vita pumziko la mlimani liliendelea kuwa la watawala. Vibanda vya kulala katika njia ya Marangu vilikuwa na majina ya Kijerumani, hata chini ya Waingereza. Kimoja kiliitwa Bismarck, cha pili kikaitwa Peters, kwa jina la Carl Peters, aliyefukuzwa utumishi mwaka 1897 kwa ukatili aliowatendea Waafrika huku huku Kilimanjaro. Kijana wa Marangu alibeba mzigo wa mgeni mpaka kwenye nyumba yenye jina la mtu aliyewanyonga watu wa nchi yake, akampikia chai, akalala pembeni. Baada ya Uhuru vibanda hivyo vilipewa majina ya Mandara na Horombo, watawala wa Kichagga wa karne ya 19: Mandara, ambaye pia huitwa Rindi, wa Moshi, na Horombo wa Keni huko Rombo. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa mwaka 1977. Majina yalirudi nyumbani. Swali likabaki: je, wenye majina wamerudi nao?

Swali hilo si langu peke yangu. Mwezi Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akalikumbusha taifa kwamba tulikuwa tumezijua ngoma za wageni na kuzisahau zetu. Mwaka 1970, miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, wananchi walibishana magazetini juu ya utalii: je, nchi ya kijamaa yaweza kujenga pumziko la matajiri wa nje bila ya kuwageuza vijana wake kuwa watumishi wenye tabasamu la kununuliwa? Hoja hizo zilikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Wengine walisema tunahitaji fedha za kigeni, wengine walisema heshima haina bei. Lakini nikiyasoma mabishano yale leo naona pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja bila kulisema, kwamba apumzikaye ni mgeni. Hakuuliza mtu sana kama mkulima wa Rombo naye anastahili kukaa juu ya jiwe na kulitazama ziwa lake.

Naomba ruhusa ya msomaji nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Mama yangu, kama wanawake wengi wa upande wetu, alikuwa akishuka alfajiri mpaka nyanda za chini kukata majani ya ng'ombe, maana kihamba ni kidogo na ng'ombe hula kila siku. Alikata, akafunga, akajitwisha, akaupanda mlima mchana wa jua kali. Mara nyingi majani hayo yalikatwa karibu na Chala. Sikumsikia hata siku moja akilitaja ziwa kuwa ni zuri. Alilitaja kuwa ni alama ya njia tu: ukifika mahali unapoliona ziwa, jua umekwenda mbali mno, rudi.

Mimi nililiona kwa mara ya kwanza mwaka 1986, nikiwa kidato cha tatu. Tulikwenda vijana sita, na mablanketi na sufuria moja. Tulifika jioni, tukakuta mahali pazuri pana mafiga matatu na kuni kavu zimepangwa vizuri chini ya mti. Tukafurahi kama watu waliookota mali. Tulikoka moto mkubwa, tukaimba mpaka usiku wa manane, na kulipopambazuka hapakuwa na ukuni hata mmoja. Maganda ya ndizi, mifupa na makaratasi tuliyaacha yalivyo. Tulipokuwa tunafunga mizigo akatokea mzee mmoja mvuvi, anapanda kutoka ziwani na samaki wachache.

“Shikamoo, babu,” tukamwamkia.

“Marahaba, wajukuu zangu. Mmelala salama?”

“Salama, babu.”

“Na mahali je, pamelala salama?”

Hatukujua la kujibu. Mzee akayatazama majivu, akautazama mti usio na kuni. “Kuni mlizokoka mlizichanja nyinyi?” Tukasema tulizikuta. “Basi aliyeziacha alijua mtakuja, ingawa hakuwajua. Na mimi nikija usiku nimelowa, mmenijua?” Hakutugombeza. Aliweka samaki wake kivulini, akakaa. Tukaelewa kwamba hataondoka. Tulitafuta kuni kwa muda wa saa mbili, tukazipanga chini ya mti, tukafukia taka na kuzima moto kwa mchanga. Ndipo akainuka, akatupa samaki wawili, akashika njia yake.

Nimesoma vitabu kadha wa kadha juu ya utamaduni, lakini sijakuta maelezo ya adabu ya ago yaliyo wazi kuliko yale. Ago ni la aliyekutangulia na la atakayekufuata. Wewe uliye katikati ni mgeni wa wote wawili. Mzee yule alitupa samaki akijua kwamba hatukustahili, na kwa hiyo somo likatuingia.

Leo juu ya ukingo, upande wa Tanzania, pako mahali pa wageni kupigia mahema. Huja watu kutoka Moshi, Arusha, Nairobi na ng'ambo. Hutembea ukingoni, huteremka kwenye genge, husafiri majini kwa mitumbwi midogo. Sioni ubaya wake. Kijana wa pale anayepata kazi ya kuwaongoza wageni anakula kwa jasho lake, na anayejua majina ya miti na ndege wa kwao ni mwalimu. Ila ziwa linataka heshima. Mwaka 2002 mgeni mmoja kijana aliuawa na mamba alipokuwa akiogelea upande wa Kenya, na kabla ya hapo wengi walikuwa wakisema mamba wa Chala ni wadogo, hawana madhara. Wazee waliosikia sauti chini ya maji wasingesema hivyo.

Heshima ni juu ya viumbe vingine pia. Yumo ziwani samaki wa jamii ya perege ambaye asili yake ni Chala tu, hapatikani kwingine duniani, naye yuko katika hatari ya kutoweka, hasa kwa sababu ya samaki wa aina nyingine walioingizwa na binadamu. Na chini kabisa ya maji kuna hazina isiyoonekana. Kila mwaka ziwa huweka tabaka jembamba la matope, jeusi wakati wa mvua na jeupe wakati wa kiangazi chenye upepo. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitoboa sakafu ya ziwa na kutoa nguzo ya matope yenye urefu wa zaidi ya mita 200, kumbukumbu ya miaka ipatayo 250,000 ya mvua na ukame. Tulidhani kwamba sisi ndio tunaolitazama ziwa, kumbe ziwa nalo limekuwa likiandika. Tutakachokitupa humo nacho kitaandikwa.

Nini basi kifanywe? Kwanza, shule za Moshi na Rombo ziwapeleke watoto Chala walale hata usiku mmoja, wakiwa na wazee wa mahali hapo watakaowapa hadithi na majina. Mtoto anayelijua ziwa kwa swali la mtihani tu hatalilinda. Pili, penye mahema ya mgeni pawe na nafasi ya mwenyeji, kwa bei anayoiweza mwenye mshahara wa kawaida. Pumziko likiwa la wageni peke yao, wenyeji watalitazama ziwa kama shamba la mtu mwingine. Tatu, adabu ya ago ifundishwe kama tunavyofundisha adabu ya mezani: zima moto, ondoa taka, mwachie kuni usiyemjua.

Mwaka jana nilimchukua mama, ambaye sasa ni ajuza, pamoja na wajukuu zake. Tulimwekea kiti ukingoni, kwenye kivuli. Wajukuu walikimbilia kutafuta kuni, maana niliwaambia habari za mzee mvuvi. Mama alikaa kimya muda mrefu, mikono imelala juu ya khanga yake, akiyatazama maji yanavyogeuka rangi.

“Kumbe hapa ni pazuri,” akasema.

Nikamwuliza, “Mama, miaka yote ile ulikuwa hupaoni?”

“Nilikuwa napaona, baba. Napaona mbali tu.”

Siku ile niliandika katika daftari langu kwamba kazi ya utamaduni wa taifa, pamoja na mambo yake mengi makubwa, ni pamoja na hili dogo: kwamba mtu aliyeibeba nchi yake kichwani miaka 50 apate siku moja ya kuutua mzigo, akakaa, akaitazama.